Tumbusi Niliowaua Konza

Wayua binti yangu,

Sanduku lako liko hapa sebuleni, limeshafungwa kamba, nawe umeenda kwa shangazi yako Ndunge kumuaga. Mambo ya blanketi, ya maji ya kuchemsha na ya marafiki wa kuepuka huko Lodwar atakuwa amekueleza yote, hata yale usiyomuuliza. Mimi sitayarudia. Nina saa chache kabla hujarudi, na nina jambo moja ambalo nimelilalia miaka tisa kama kuku aliyelalia yai viza.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu uongo wangu wote nilikuambia kwa Kikamba. Nikianza kwa Kikamba mkono utarudi njia ile ile.

Jumapili iliyopita nilikuwa nyuma ya nyumba nikitengeneza mfereji wa tangi. Wewe na Ndunge mlikuwa jikoni. Alikuuliza kwa nini kati ya vyuo vyote vya ualimu umechagua kile cha mbali zaidi, mahali ambapo huna hata mtu wa kanisa lenu. Ukamjibu, "Shangazi, mimi ndiye niliyemmaliza mama. Wacha niende mahali ambapo hakuna anayejua." Ulilisema kama mtu anayesema leo ni Jumapili. Ndunge hakukupinga. Nami niliyekuwa nje na koleo mkononi sikukupinga. Nilisimama hapo mpaka mkatoka kwenda kuchuma mboga, ndipo nikaingia ndani nikakaa kitandani mwangu.

Wewe hukummaliza mama yako. Nimeanza na hilo ili hata ukiichana barua hii hapa, uwe umelipata. Sasa nikueleze aliyemmaliza, na jinsi alivyofanya. Sitarukia mwisho, maana nikirukia mwisho nitajipunguzia.

Ulipokuwa na miaka minane nilikuwa nyapara wa wachungaji pale ranchini, unakumbuka. Ng'ombe walikuwa wa mwenye ranchi, lakini aliniruhusu kuweka wangu wawili ndani ya boma lake. Mmoja alikuwa yule mtamba mweupe tuliyemwita Nzeu. Ulikuwa ukimpelekea maganda ya viazi. Wakati ule ranchi jirani zilikuwa zimeanza kukatwa viwanja, waya ulikuwa ukipita kila upande, na swala na nyumbu waliokuwa wakishuka kutoka upande wa Kapiti hawakuwa na njia tena. Fisi akikosa nyumbu hafungi mdomo akasali. Anakuja kwa ng'ombe. Hilo hata mtoto angelijua, na mimi nililijua.

Mama yako alikuwa ameniambia mara tatu kwamba miiba ya boma upande wa bondeni imeoza. "Baba Wayua, pale panapita hata mbuzi." Nilimjibu kwamba nitakata migunga Alhamisi. Alhamisi ikapita, na nyingine ikapita. Asubuhi moja tukamkuta Nzeu ametolewa nje, tumbo liko wazi, amebaki kichwa, kifua na miguu ya mbele.

Kosa lilikuwa langu, maana boma lilikuwa chini yangu. Lakini mtu mwenye hasira hatafuti kosa mahali alipo yeye. Nilienda sokoni nikarudi na dawa ya wadudu, ile kali ambayo hata muuzaji anaishika kwa karatasi. Nikaitia kwenye mzoga wa Nzeu. Kilonzo ndiye aliyekuwa nami, unamjua, yule mrefu aliyekuwa akikutengenezea filimbi za mianzi. Aliniuliza, "Baba Wayua, hii kitu itaua fisi peke yake?"

Nikamwambia, "Itaua yeyote atakayekula nyama yangu."

Hilo ndilo neno nililolisema. Nilijiona mwanamume sana.

Asubuhi yake tulimkuta fisi. Mmoja. Alikuwa jike na matiti yake yalikuwa yamejaa maziwa, maana yake kulikuwa na watoto shimoni mahali fulani wakimngoja. Mbweha wawili walikuwa karibu naye. Lakini hao hawakuwa kitu. Uwanda wote kuzunguka mzoga ulikuwa umefunikwa na tumbusi, wale ndege ambao huku wengi wetu tunawaita tai tu. Walikuwa wamelala chali, kifudifudi, wengine juu ya wengine, kama magunia yaliyoanguka kutoka kwenye lori. Nilihesabu nikafika thelathini na kitu, nikaacha. Wengine hawakuwa wamekufa. Walikuwa wakitembea kama walevi, mabawa yameburuzwa chini, shingo zimelegea. Mmoja alikuwa amepanda kichuguu akijaribu kuruka. Alikuwa akifungua mabawa, anainama mbele, anaanguka, anapanda tena. Kilonzo alimpiga rungu kwa huruma.

Tuliwakusanya kwa toroli, tukawachoma. Moshi wa manyoya haufanani na moshi mwingine wowote. Jioni ile wewe ulinijia, ukashika koti langu ukasema, "Baba, unanuka nini?" Nikakuambia tulikuwa tunachoma takataka.

Sitakudanganya tena, kwa hiyo niandike na hili: nilifurahi. Mwenye ranchi alinishika mkono mbele ya wachungaji wote akasema laiti angekuwa na watu watano kama mimi. Wachungaji wa ranchi za jirani walikuja kuniuliza nilitumia nini na kiasi gani. Nikawaonyesha. Msimu ule mizoga mitatu au minne iliwekwa dawa upande wetu, na kila mmoja wao alijifunza kwangu. Kwa tumbusi, Wayua, hakuna aliyelia. Mama yako mwenyewe hakuwapenda. Alikuwa akisema wana sura ya mtu anayekuja matangani kwa ajili ya chakula.

Lakini nikuambie walikuwa wakifanya nini, maana ulikuwa mdogo na labda hukumbuki. Zamani ng'ombe akifa malishoni, kabla hujamaliza kumlaani Mungu wako, juu palikuwa tayari na nukta moja inazunguka. Halafu mbili. Halafu kumi. Walikuwa wakishuka kama mvua ya mawe. Ukienda kumwita mwenzako mkamchune ngozi, mkirudi mnakuta mifupa. Sisi wachungaji tuliwatumia kumtafuta ng'ombe aliyepotea; ukiona wanazunguka bondeni ulijua pa kwenda. Mzoga haukuoza. Haukupata nafasi ya kuoza. Hatukujua kwamba hiyo ni kazi inayofanywa. Tulidhani ndivyo nchi ilivyo, kama jua kuchomoza.

Mwaka uliofuata kiangazi kilikuwa kirefu na ng'ombe walianza kuanguka. Nilitazama juu, sikuona kitu. Mzoga ulikaa siku, ukavimba, ukapasuka, ukakaa wiki. Nzi waliingia hadi ndani ya chai. Mizoga mingine ilioza kando ya bwawa, na mvua ilipokuja ikasomba ule uchafu ukaingia kwenye maji. Mwenye ranchi alituambia tuchimbe mashimo tufukie. Ardhi ya Konza wakati wa kiangazi unaijua, sururu inarudi na cheche. Tulifukia mmoja, tukawaacha watano.

Ndipo mbwa walipokuja.

Mwanzoni walikuwa wachache, wale wa kule machinjioni na waliotupwa na watu wa viwanja. Nyama ipo, hakuna wa kuwafukuza. Tumbusi walikuwa wakimaliza kabla mbwa hajafika. Sasa mbwa alikula mpaka akalala hapo hapo, akaamka akala tena. Jike akishiba anazaa, na watoto wake wote wanapona. Baada ya miaka miwili mitatu walikuwa wakipita kwa makundi mchana kweupe. Waliua mbuzi wa watu. Na kwenye kila mzoga walikutana na mbweha, na mbwa wa huku wakakutana na mbwa wa kule, wakagombana na kuumana. Mimi nilikuwa nikiwaona kila siku. Niliwatukana. Sikuwahi kujiuliza hata mara moja wametoka wapi.

Wewe ulimwokota mmoja wao, Jumatatu ya Pasaka, mdogo kama kiatu, mama yake amegongwa na gari. Ukamwita Pasaka. Nilisema hatakaa kwangu, na mama yako akasema atakaa, akakaa. Ile siku ya chanjo ya mbwa pale sokoni ulimfunga kamba ukawa tayari umevaa viatu. Nikakutuma maji. Nilisema mbwa wa kuokotwa hachanjwi. Ulikuwa na miaka kumi na miwili.

Sasa nafika mahali pagumu.

Ilikuwa jioni, jua lilikuwa bado lipo. Nilikuwa kando ya zizi nikimshika ndama aliyekuwa na jicho bovu, nikimtia dawa, naye ananisukuma. Ulikuja mbio. Ulikuwa na sare ya shule, umevua sweta umemfunika nalo Pasaka, na sweta lilikuwa na damu. Ulisema, "Baba, Pasaka ameumwa na mbwa moja ya kule kwa mzoga. Ile mbwa ilikuwa inatoka mate na ilikuwa inatembea vibaya. Baba, tumpeleke kwa daktari wa mifugo."

Nilikuambia, "Mbwa huumana. Loweka sweta kwa maji kabla mama yako hajaliona, halafu uje ushike huyu ndama kichwa."

Ukasema, "Lakini baba, ile ingine ilikuwa inatoka mate."

Nikakuambia, "Wayua, nimesema shika ndama."

Ukashika ndama.

Uliniambia, mwanangu. Uliniambia mara mbili. Najua kwamba kwa miaka yote hii umekuwa ukijiuliza kama kweli ulisema ama ulikusudia kusema ukaogopa. Ulisema. Naweza kukuonyesha mahali ulipokuwa umesimama. Mkono wako wa kushoto ulikuwa chini ya tumbo la mbwa, na wa kulia ulikuwa umeshika shingo yake.

Baada ya wiki kama tatu Pasaka akageuka. Alianza kutafuna mchanga na mbao za mlango. Alibweka kwa sauti ya mbwa mwingine. Mama yako alimpelekea maji, akainama, na yule mbwa akamkamata kiganja. Haikuwa kidonda cha kutisha, matundu mawili na mkwaruzo. Alikuja kwangu ameshika mkono, akasema, "Mutua, si watu husema ukiumwa na mbwa uende hospitali?"

Nikautazama ule mkono. Nikasema, "Huo ni mkwaruzo. Osha na chumvi. Ukiuma, utaenda Jumatatu."

Siku ya nne Pasaka alikufa. Hata hapo nafasi ilikuwepo. Mbwa aliyeuma mtu akafa siku ya nne anapiga kelele kuliko mbiu, lakini nilisema ameumwa na nyoka. Nikamfukia nyuma ya choo. Jumatatu ikafika na mkono haukuuma. Tulikuwa tunavuna kunde. Mama yako alivuna kwa mkono ule ule.

Wiki sita. Kidonda kilikuwa kimepona kabisa, kimebaki alama mbili nyeupe. Halafu akaanza kusema kiganja kinamwasha, kama siafu wanatembea ndani. Halafu hakulala. Halafu nikamletea maji kwenye kikombe, na koo lake likafunga kabla kikombe hakijafika. Ulikuwepo, sitakueleza zaidi. Tulipomfikisha hospitali mjini, daktari kijana alitusikiliza, akauliza swali moja tu: "Aliumwa na mbwa lini?" Nilipomjibu, aliiweka kalamu chini. Akaniambia taratibu kwamba siku ile ile alipoumwa dawa ingemsaidia. Sasa hakuna mtu popote duniani anayeweza kumsaidia.

Siku ya mazishi pale Kalama watu waliniuliza. Unajua watu wetu, hawazungushi. Ndugu za mama yako walisimama mbele yangu wakiwa bado na udongo kwenye viatu. Kaka yake akasema, "Tuambie. Mbwa alikuwa na kichaa na nyinyi mlikaa naye nyumbani?"

Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa matatu tu: aliniambia, nikapuuza, nikakosa. Hata mawili yangetosha. Badala yake nikasema, "Alikuwa mbwa wa Wayua. Aliumwa na mbwa mwingine, mtoto akaficha."

Ulikuwa umesimama na bibi yako mzaa mama, mkono wake uko begani kwako. Ukasema, "Baba, si nilikuambia? Si nilikuambia hapo kwa zizi?"

Nikakuzaba kofi. Mbele ya kaburi la mama yako. Nikasema, "Usiongeze uongo."

Na bibi yako akaondoa mkono begani kwako. Niliuona ukiondoka. Nimeota mambo mengi tangu siku ile, Wayua, lakini kofi silioti. Naota ule mkono ukiondoka.

Hukusema tena. Nilitegemea utasema, hata nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Lakini uliacha tu. Uliamka, ulipika, ulienda shule, ulifua nguo zangu. Watu wakanisifu kwamba mtoto wangu ana adabu.

Wiki mbili baada ya mazishi serikali ilituma watu kuchanja mbwa wa eneo lote. Aliyekuja kwetu alikuwa mama mmoja daktari wa mifugo, mfupi, amevaa gambuti za mpira. Alichanja mbwa wa ranchi, akamaliza, akasimama akitazama uwanda. Kulikuwa na mzoga mbali kidogo na mbwa kama kumi na watano juu yake.

Akaniuliza, "Mzee, hawa mbwa wameanza kuwa wengi lini?"

Nikasema, "Miaka mitatu, minne."

"Na tumbusi wako wapi? Mimi nimesoma primari hapa karibu. Hapa palikuwa na tumbusi hata shuleni tulikuwa tunakatazwa kuwatupia mawe."

Nikasema sijui.

Akaniambia, si kwa kunifundisha, ni kama anajiambia mwenyewe, kwamba tumbo la tumbusi ni moto. Anakula nyama yenye ugonjwa, ugonjwa unafia humo. Mbwa akila mahali pake, ugonjwa unapata miguu minne. Akasema tumbusi hutaga yai moja tu, na mtoto wake huchukua miaka kabla na yeye hajataga, na mbwa jike anaweza kuzaa sita, saba, halafu mwaka haujaisha anazaa tena. "Ukiwatoa hawa leo," alisema, "wale wanajaza nafasi kesho. Na kuwarudisha hawa, labda mjukuu wako ndiye atawaona." Kisha akaniuliza kama kuna mtu aliyeweka sumu.

Nikamwambia, "Hapa? Hapana."

Aliniangalia kidogo. Nadhani alijua. Akapanda gari lake akaenda, nami nikabaki nimesimama, na kwa mara ya kwanza nikapanga vitu kwa mstari. Miiba iliyooza. Nzeu. Dawa. Tumbusi. Mbwa. Pasaka. Mueni mke wangu. Kila mahali kwenye mstari ule palikuwa na mtu aliyeniambia kitu. Mama yako aliniambia boma. Kilonzo aliniuliza kuhusu sumu. Wewe uliniambia habari ya mate. Mama yako akaniambia hospitali. Na kila mara jibu lilikuwa langu, na kila mara lilikuwa fupi.

Unaweza kuuliza kwa nini sikurudi nyumbani siku ile nikakuita. Nimejiuliza pia. Niliogopa ndugu za mama yako, hilo ni kweli. Lakini ukweli zaidi ni kwamba ilikuwa rahisi. Wewe ulikuwa umeshaubeba mzigo, na ulikuwa huanguki. Mtu akiona mzigo wake uko kichwani kwa mwingine na mwingine anatembea, anaanza kusema labda si mzito.

Nilijaribu kitu kimoja tu. Miaka mitatu iliyopita nilisikia mchungaji wa jirani amepoteza ndama, amenunua dawa. Nikaenda kwake nikamwomba asiiweke. Nikamweleza habari ya tumbusi na mbwa. Alicheka. "Mzee Mutua! Si wewe ndiye ulitufundisha?" Akaiweka. Nilichofundisha kwa asubuhi moja nimeshindwa kukifundua kwa miaka. Mwaka jana nikiwa Konza niliona tumbusi mmoja, juu sana, anakwenda upande wa kusini. Nilisimama nikamtazama. Palikuwa na mzoga wa punda chini kabisa, mahali pa wazi. Hakushuka.

Sikuandikii haya ili utunze ndege. Utakuwa mwalimu, na huenda siku moja utawaeleza watoto wa watu jinsi vitu hivi vinavyoshikana, nawe utawaeleza vizuri kuliko mimi. Mimi nimejifunza tu kwamba nchi haisahau wala haikasiriki. Ukitoa kitu ndani yake, inaendelea kutembea bila hicho kitu, na inamfikia mtu ambaye hukumkusudia. Mimi nilimkusudia fisi mmoja. Na uongo niliousema kaburini ni hivyo hivyo. Nilikusudia kunyamazisha wakwe zangu kwa alasiri moja. Ukaendelea kutembea mpaka ukakupeleka Lodwar.

Sikuombi unisamehe. Nikikuomba nitakuwa nimekupa kazi nyingine, na umenifulia vya kutosha. Ukinichukia, chuki hiyo ina mahali pake na ina sababu. Ninachokuomba ni uache kujichukia wewe, kwa sababu hiyo haina sababu yoyote na haikuwahi kuwa nayo.

Bado kitu kimoja. Leo asubuhi uliniuliza naenda wapi na koti la kanisani siku isiyo ya kanisa. Nilienda Kalama, kwa bibi yako.

Unajua mkwe haingii kwa mama mkwe ovyo. Nilisimama uani. Alikuwa ameketi kwenye gunia akipura mbaazi kwa fimbo. Miaka tisa hajanialika, nami sijaenda. Alinipa kiti. Nikakataa, nikasema nikikaa nitashindwa. Nikamweleza yote, kama nilivyokueleza wewe, kuanzia kwenye miiba. Alikuwa akipura mbaazi muda wote. Nilipofika kwenye zizi fimbo ikasimama.

"Mtoto alikuambia?"

"Aliniambia, mama."

"Alikuambia kwa mdomo wake."

"Mara mbili."

"Na pale kaburini akasema hivyo, ukampiga."

"Nikampiga."

Kuku walikuja wakaanza kula mbaazi, hakuwafukuza. Halafu akasema, "Mimi nimekuwa nikitoka kanisani kwa mlango wa kando miaka tisa ili nisisalimiane na mtoto wa Mueni. Alipopita mtihani wa Kidato cha Nne alinitumia salamu, sikuzijibu. Ana uso wa mama yake. Nilikuwa nikiuona nasema, Mungu, mbona umempa huyu huo uso."

Nikaanza kusema pole. Akainua fimbo, si ya kunipiga, ya kuninyamazisha tu.

"Toka uani kwangu, Mutua."

Nikatoka. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa minyaa nikasikia akiniita. Alikuwa amesimama, mbaazi zimemwagika zote, kanga imemteleza begani. Ni mzee sana sasa, sikuwa nimeliona hilo. Alisema nikuambie usipande basi kesho kabla hujafika kwake. Alisema atakuwa amesimama njiani tangu alfajiri, na kama utachelewa atasimama tu. Anataka kukusindikiza mwenyewe hadi stendi ya Machakos, na begi moja atalibeba yeye, hata ukimkatalia.

Kilonzo atakuja kukuchukua kwa pikipiki kesho saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimeshamweleza njia.

Bibi yako amesema mimi nisije. Sitakuja.

Baba yako,
Mutua